Mama wa Kona Anajibu: Videvu vya Waingereza na Vichwa vya Watoto Wetu

Mwezi huu barua zimejaa ngumi. Tangu ndugu yetu Martin Bakole, mzaliwa wa Kananga, ahamie Airdrie kule Scotland na kujengea jina lake huko, watu wa Lubumbashi wanafuata ngumi za Uingereza kana kwamba zinapigwa Kamalondo. Kwa msomaji mgeni: mimi ni muuguzi. Kwa miaka mingi nimekaa kando ya ulingo hapa mjini na mfuko wangu wa bandeji, barafu na tochi ndogo, na mabondia ndio walionipa jina la Mama wa Kona. Nimechagua barua sita. Moja imetoka Komini Kenya ya hapa hapa Lubumbashi na nimeijibu kwa urefu. Kijana aliyeiandika naomba aisome yote.

Mama, jambo. Hapa gereji kwetu Katuba tunabishana kila Jumatatu. Mimi nasema Waingereza wa uzito wa juu wana videvu laini. Bruno alilala, Lewis alilala mara mbili, Joshua naye tumemwona. Wenzangu wanasema sijui ngumi. Utuamue. – Fundi wa Katuba

Baba fundi, kwenye ubishi huu niko upande wa wenzako. Tuanze na Frank Bruno, maana ndiye anayeonewa kuliko wote. Tarehe 13 Mei 1984 pale Wembley alikuwa anaongoza kwa pointi dhidi ya Mmarekani James "Bonecrusher" Smith mpaka raundi ya 10, raundi ya mwisho. Smith akampata. Ukipata nafasi litazame pambano lile tena, ila usiiangalie ngumi yenyewe. Mwangalie Bruno baada ya ngumi. Hakuanguka papo hapo. Alibaki amesimama kwenye kamba, mikono imeshuka, miguu haiendi, anapokea moja baada ya nyingine, bila kumkumbatia mwenzake na bila kupiga goti ahesabiwe apate pumzi. Mwaka 1986 Tim Witherspoon alimmaliza katika raundi ya 11. Februari 1989 kule Las Vegas alimyumbisha Mike Tyson katika raundi ya kwanza, kisha akavumilia mpaka ya 5. Mtu mwenye kidevu laini hafiki raundi ya 11 na bingwa wa dunia. Kilichomshinda Bruno ni sekunde zile zinazofuata ngumi, pale mtu anapotakiwa kujua la kufanya wakati kichwa hakimsaidii.

Na alijifunza. Tarehe 2 Septemba 1995, Wembley tena, alipigania mkanda wa ubingwa wa dunia wa WBC na Oliver McCall. Raundi za mwisho McCall alikuja kwa nguvu zote kumtafuta kichwani, na safari hii Bruno alimshika, akamlalia, akambana mikono mpaka kengele ikalia. Watu waliona si ngumi nzuri. Mimi nililia kwa furaha, kwa sababu kile ndicho alichokikosa mwaka 1984, na kilimpa ubingwa akiwa na miaka 33.

Lennox Lewis ni habari nyingine. McCall huyo huyo alimwangusha Septemba 1994, raundi ya pili, Lewis akiwa anarusha mkono wake wa kulia huku kidevu kiko wazi. Baada ya pale Lewis alifanya jambo la akili sana: alimchukua Emanuel Steward, mwalimu aliyekuwa kwenye kona ya McCall usiku ule, akamfanya mwalimu wake. Alipoteza mara moja tu tena, Aprili 2001 kule Brakpan, Afrika Kusini, mbele ya Hasim Rahman. Alifika kwa kuchelewa, akiwa na kilo karibu 115, kwenye mji ulio juu zaidi kidogo hata kuliko Bukavu, na mwili haukuwa umezoea hewa ile. Novemba mwaka huo huo alimlaza Rahman katika raundi ya 4. Na McCall, Lewis alikuwa ameshamlipiza kisasi mwaka 1997. Mwaka 2003 Vitali Klitschko alimpiga ngumi nzito nzito na Lewis alibaki wima, mpaka pambano likasimamishwa kwa sababu ya majeraha ya uso wa Klitschko. Je, hicho ni kidevu laini?

Kuhusu Anthony Joshua, kumbuka alimwangusha Andy Ruiz kwanza, Juni 2019 kule New York, kisha akaingia kummaliza bila kujilinda. Kroshe ya kushoto, ile ngumi inayozunguka kutoka pembeni, ikampata juu ya kichwa upande wa sikio. Akipigwa hapo mtu hupoteza usawa wa mwili, na usawa ule hakuurudisha mpaka mwisho: alianguka mara nne kwa jumla. Ni Joshua huyo huyo aliyeangushwa na Wladimir Klitschko katika raundi ya 6, Aprili 2017, akashinda katika raundi ya 11 mbele ya watu 90,000.

Ukitaka videvu vigumu Uingereza haikosi. Tommy Farr wa Wales alimaliza raundi 15 na Joe Louis mwaka 1937, wakati watu wa kawaida walikuwa hawamalizi tano naye. Wayne McCullough wa Belfast alipigana na Naseem Hamed na Erik Morales, na katika ngumi za kulipwa hakuwahi kuangushwa. Carl Froch wa Nottingham aliangushwa na Jermain Taylor mwaka 2009 katika raundi ya 3, akaja kumsimamisha zikiwa zimebaki sekunde 14 za raundi ya 12. Henry Cooper yeye tatizo lake lilikuwa ngozi ya nyusi. Ilipasuka hata ngumi isipokuwa kali. Kwa hiyo Jumatatu ijayo, baba, nunua soda kwa wenzako.

Mama wa Kona, mimi ni motari hapa Goma, Birere. Nimetazama kwenye simu Tyson Fury akiangushwa na Deontay Wilder raundi ya 12. Amelala kama maiti, halafu ameamka. Rafiki yangu anasema alikuwa na dawa ya kienyeji. Wewe unasemaje? – Motari wa Birere

Mwanangu, dawa haikuwepo. Zilikuwepo sekunde kumi, na Fury alizitumia karibu zote. Ilikuwa tarehe 1 Desemba 2018 mjini Los Angeles. Ngumi ya kulia ilimpata, na ya kushoto ikamfuata akiwa tayari anashuka. Mwamuzi Jack Reiss angeweza kupunga mikono palepale, na wengi wasingemlaumu. Alichagua kuhesabu. Fury akasimama kwenye tisa. Reiss akamwambia atembee aone miguu yake, akatembea. Dakika zilizobaki hakukimbia, alimrudishia Wilder mpaka kengele, na majaji wakatoa sare.

Watu huchanganya mambo mawili. Kuna kuhimili ngumi, na kuna kurudi baada ya ngumi. Amir Khan ni mfano mzuri. Mwaka 2008 mjini Manchester, Breidis Prescott alimmaliza kwa sekunde 54. Tangu siku ile kila mtu alijua kwamba kidevu chake kinafikika. Lakini Desemba 2010 Marcos Maidana alimpiga katika raundi ya 10 kiasi kwamba mimi nilisimama kitini nikitaka mwamuzi aingie, na Khan akazunguka, akashika, akakimbia, akarudi upande wa kamba, akashika tena. Alishinda kwa pointi. Kidevu hakikuwa kimebadilika. Alikuwa na pumzi, na alijua la kufanya.

Kupotea kwenyewe mara nyingi ni kufupi sana. Wengine ni sekunde mbili tatu tu, kisha macho yanarudi. Aliyejiandaa vizuri, aliyelala vizuri, ambaye hakujikausha maji ili apunguze kilo, huyo mwili wake hurudi mapema. Kisha kuna ufundi. Bondia mzoefu hasimami kwenye tatu ili aonekane shujaa. Anabaki kwenye goti, anaitafuta kona yake kwa macho, anavuta hewa, anasimama kwenye nane. Mwamuzi akiachia tu, anamfunga mwenzake mikono. Joe Calzaghe wa Wales aliangushwa katika raundi ya kwanza na Bernard Hopkins na pia na Roy Jones, yote mwaka 2008, akashinda yote mawili na kustaafu bila kupoteza hata pambano moja kati ya 46. Daniel Dubois aliangushwa mara tatu katika raundi moja na Kevin Lerena, Desemba 2022, na katika raundi ya 3 Lerena ndiye aliyekuwa chini.

Na sisi Wakongo tunalo la kwetu, ingawa linauma. Tarehe 29 Mei 2016, uwanja wa Goodison Park, Liverpool, Ilunga Makabu, kaka yake Bakole, alimwangusha Tony Bellew mwishoni mwa raundi ya kwanza. Tulikuwa kwenye nganda, baa, ya Bel-Air na watu wa Kasai walikuwa juu ya viti. Bellew akaamka, kengele ikalia, akaketi. Nilimwangalia alipokuwa kwenye kigoda: anasikiliza, anaitikia kwa kichwa, anakunywa maji kidogo. Nikamwambia jirani yangu, huyu amesharudi. Katika raundi ya 3 alimlaza Makabu. Makabu alisubiri mpaka Januari 2020 kuuchukua mkanda wa WBC, nyumbani, Kinshasa.

Hata Muhammad Ali aliwahi kuokolewa na kona. Tarehe 18 Juni 1963, akiitwa bado Cassius Clay, Henry Cooper alimwangusha kwa kroshe ya kushoto pale Wembley, na kengele ya kumaliza raundi ya 4 ikalia karibu palepale. Mwalimu wake Angelo Dundee akampa chumvi ya kunusa, kisha akamwita mwamuzi aione glavu iliyochanika. Watu husimulia kwamba mapumziko yalirefuka kwa dakika kadhaa. Picha za siku ile zinaonyesha ni sekunde chache tu. Clay alimaliza kazi katika raundi ya 5, kwa kuichana nyusi ya Cooper. Miaka kumi na moja baadaye alikuwa Kinshasa na George Foreman.

Mama, nina mtoto wa kiume anataka ngumi. Nikimnunulia ile kofia ya kuvaa kichwani, atakuwa salama? – Mama wa Ruashi

Mama mwenzangu, kofia inazuia kuchanika na kugongana vichwa. Haiuzuii ubongo kutikisika. Ndiyo maana tangu 2013 wanaume wa ngumi za ridhaa duniani wanapigana bila hiyo kofia katika mashindano makubwa. Kwenye mazoezi mnunulie, inafaa, hasa kwa mtoto. Lakini pesa ya kwanza iende kwenye kinga ya meno inayomkaa vizuri, na kabla ya pesa yoyote nenda ukakae ukumbini jioni mbili tatu uone mwalimu anavyowatendea watoto wa wengine.

Jambo Mama. Nina miaka 19, nacheza ngumi hapa Komini Kenya. Mwalimu wetu anasema kidevu kinakomazwa kwa kupigwa. Kila jioni anawaita wakubwa wawili wanipige kichwani, mikono nimeifunga nyuma. Anasema Waingereza ndivyo wanavyofanya, ndiyo maana Joe Joyce alikuwa hatikisiki. Sasa kichwa kinaniuma mpaka asubuhi, mwanga wa taa unaniudhi, na juzi nilipotea njia ya kwenda kwa shangazi yangu. Niendelee? – Kijana wa Kenya

Mwanangu, acha leo. Usisubiri kumaliza wiki, usisubiri pambano la mwisho wa mwezi. Kichwa kinachouma mpaka asubuhi, mwanga unaoudhi, njia unayoijua kukupotea: hizo ni dalili za ubongo uliojeruhiwa. Mtafute munganga wa hospitali wiki hii, mweleze yote matatu, na umwambie kwamba unapigwa kila jioni, usimfiche. Mpaka akuruhusu, mtu asikuguse kichwa.

Sasa nikueleze kwa nini, ili usiache kwa kuniogopa mimi tu. Chukua bidoni ya maji uliyoijaza nusu, uigeuze ghafla. Bidoni imegeuka, maji bado yanakuja nyuma, kisha yanagonga ukuta. Kichwa chako kinafanya hivyo. Ncha ya kidevu iko mbali na shingo, kwa hiyo ngumi ndogo hapo inazungusha kichwa kwa kasi kuliko ngumi kubwa kwenye paji la uso. Fuvu linazunguka, ubongo unachelewa, na nyuzi zake zinavutika na kusokotwa. Sehemu zinazomfanya mtu awe macho na asimame wima zinazima kidogo, na miguu inakwisha. Hiyo ndiyo KO, kulazwa na ngumi. Mfupa wa taya hauna kosa wala sifa. Kwa hiyo mwalimu wako anakomaza kitu gani? Ngozi ya kidevu? Ubongo haupati sugu. Kila unapotikiswa kabla haujapona, ngumi inayofuata inahitaji nguvu ndogo zaidi kukuzima.

Huyo Joyce anayekuambia, mtazame mpaka mwisho wa hadithi yake. Ni kweli alikuwa anapokea ngumi na kusonga mbele, watu wakadhani ameumbwa tofauti. Aprili 2023 Zhilei Zhang wa China alimfunga jicho, wakamsimamisha katika raundi ya 6. Septemba mwaka huo huo Zhang akamlaza katika raundi ya 3. Alikuwa na miaka 38, na kichwa kilichopokea kwa miaka yote ile kilikuwa kimefika kikomo. Tangu 1928 daktari Mmarekani Harrison Martland aliandika kuhusu mabondia wanaotembea kama walevi bila kunywa, wanaoongea kwa kuburuza maneno, miaka mingi baada ya kuvua glavu. Madaktari wanajua hayo karibu miaka mia. Anayesema leo kwamba kidevu kinakomazwa kwa kupigwa anawapinga wote hao.

Nimewaona vijana wa umri wako. Kuna mmoja wa Kamalondo, kijana mzuri, ana mkono wa kushoto ambao ningependa kuuona Ulaya. Alishinda pambano lake kwa pointi. Nilipokuwa namfungua bandeji mikononi aliniuliza, "Mama, nimeshinda?" Nikamwambia ndiyo. Akafurahi, akawakumbatia wenzake. Nikafungua mkono wa pili, akaniuliza tena, kwa sauti ile ile: "Mama, nimeshinda?" Usiku ule hakwenda kusherehekea, alikwenda hospitali nami nikiwa kando yake. Alipona. Alikaa miezi bila ngumi, na alikuwa na mwalimu aliyekubali kumngoja.

Kuna vitu vinavyofundishika, na hivi nataka uanze navyo ukipona. Kwanza macho. Ngumi inayolaza ni ile usiyoiona, kwa sababu uliyoiona unaipokea shingo ikiwa imekaza. Mtu anayefunga mikono nyuma anajifunza kungoja ngumi, na hilo ni kinyume cha yote ninayoyajua. Pili, kidevu chini, kiguse bega unaporusha mkono, na meno yaume kinga. Wengi wanaolala mdomo uko wazi. Tatu, shingo: lala chali, inua kichwa polepole, kiweke, mwenzako ashike taulo kwenye paji la uso avute kidogo, wewe ukatae. Nne, miguu, kamba na mbio, maana anayechoka anashusha mikono. Tano, maji. Usijikaushe siku mbili ili uingie uzito mdogo. Mwili uliokaushwa unaenda kupigwa ukiwa nusu. Na mazoezi ya kupigana kwa nguvu zote yawe machache, pamoja na watu wa kilo zako.

Mwalimu wako simjui na sitamtukana. Walimu wengi wanafundisha kama walivyofundishwa, na inawezekana naye kichwa chake kiliumia hivyo hivyo. Mpelekee ukurasa huu, umpe kwa heshima, mbele ya mzee mmoja wa familia yako. Akisoma na kukubali, msalimie kwa niaba yangu. Akikataa, mwanangu, ukumbi wa ngumi si mmoja Lubumbashi. Kichwa chako ni kimoja.

Mama, jambo. Mume wangu anacheza ngumi hapa Bukavu. Mwaka jana alipigwa KO, akaamka, akasema yuko sawa, akala ugali na sambaza, akalala. Usiku akatapika mara nyingi. Majirani wa Kadutu wakasema mwache alale. Mimi sikusikiliza, nikampeleka hospitali, wakamweka siku kadhaa, akatoka mzima. Anataka kurudi ulingoni. Nitajuaje hatari? – Mke wa bondia, Kadutu

Mama, ulifanya vizuri kuliko maofisa wa mapambano makubwa walivyofanya siku nyingine. Acha nikueleze ya Michael Watson, kwa sababu kila ninapofungua mfuko wangu kando ya ulingo namkumbuka.

Tarehe 21 Septemba 1991, uwanja wa White Hart Lane, London, Watson alikuwa anapigana na Chris Eubank. Katika raundi ya 11 Watson alimwangusha Eubank. Kila mtu aliona imekwisha. Eubank akaamka, na sekunde chache baadaye akatupa ngumi moja kutoka chini kwenda juu. Watson akaanguka, nyuma ya kichwa ikagonga kamba. Aliamka. Alirudi kwa raundi ya 12, mwamuzi akaisimamisha mapema, na baada ya hapo Watson akazimika kwenye kona. Damu ilikuwa inavuja ndani ya fuvu. Kando ya ulingo hapakuwa na vifaa vya kumsaidia kupumua vilivyo tayari. Ilipita karibu nusu saa kabla hajafika hospitali ya kwanza, na hospitali ile haikuwa na upasuaji wa ubongo, ikabidi ahamishwe tena mpaka St Bartholomew's, ambako daktari Peter Hamlyn alimpasua. Alikaa siku 40 bila fahamu, akafanyiwa upasuaji mara sita.

Watson aliishtaki Bodi ya Ngumi ya Uingereza, akashinda mwaka 1999, na mwaka 2000 Mahakama ya Rufani ikasema vilevile: anayesimamia mchezo ana wajibu wa kuhakikisha kwamba mtu akianguka, anayejua kumrudishia pumzi yuko palepale. Bodi ililipa pauni 400,000, chini sana ya gharama za maisha yake. Lakini leo Uingereza hakuna kengele inayopigwa bila madaktari, gari la wagonjwa, na hospitali ya upasuaji wa ubongo iliyoarifiwa mapema. Mwaka 2003 Watson alitembea mbio ndefu za London kwa siku sita. Hamlyn na Eubank walikuwa kando yake alipomaliza.

Kwa hiyo mume wako akipigwa tena, hata kama hakuanguka, usimwache peke yake siku hiyo na usiku wake, na umwangalie siku mbili. Maumivu ya kichwa yanayoongezeka badala ya kupungua. Kutapika zaidi ya mara moja. Maneno yanayovurugika, kuuliza jambo lile lile. Mboni moja ya jicho kubwa kuliko nyingine. Mkono au mguu wa upande mmoja kulegea. Degedege. Maji maji au damu kutoka sikioni. Usingizi ambao huwezi kumwamsha. Moja tu kati ya hayo, usiku wa manane au mvua, ni hospitali. Kulala si kosa, kulala bila mtu wa kumwamsha na kumwongelesha ndiko kunakoua. Asinywe pombe. Asimeze asipirini, kwa sababu inafanya damu ivuje zaidi.

Kuhusu kurudi ulingoni: alikaa hospitali siku kadhaa kwa ajili ya kichwa. Uingereza bondia mwenye leseni hupigwa picha ya ubongo kila mwaka, na aliyepigwa KO anazuiwa kupigana mpaka daktari amruhusu. Kama picha ilionyesha damu ndani ya fuvu, mama, jibu langu ni hapana, asipigane tena kamwe, na unaweza kumwambia kwamba ni mimi niliyesema. Afundishe watoto. Kama hakupigwa picha kabisa, aanze na hiyo, kabla ya glavu.

Mama wa Kona, Bakole alipigwa na Joseph Parker kwa raundi mbili tu. Kidevu chake kimekwisha? – Mpenzi wa ngumi, Kampemba

Hapana. Pambano lile la Februari 2025 kule Riyadh alilikubali zikiwa zimebaki siku mbili, badala ya mtu aliyeugua, akapanda ulingoni na kilo karibu 140. Mwili usio na mazoezi unasimama wima lakini haurudi haraka, na Parker alimpiga juu ya kichwa, pale pale panapoondoa usawa. Huyu ni mtu aliyemsimamisha Jared Anderson mjini Los Angeles, Agosti 2024, katika raundi ya 5. Mei 2025 alirudi, akamaliza raundi 10 na Efe Ajagba kwa sare, bila kulala. Ninachomwombea ni kambi kamili ya wiki nyingi na kilo zilizopungua. Simu ya siku mbili kabla ya pambano, hata ikija na pesa nyingi, naomba watu wake wa Airdrie waikatae kwa niaba yake.